Vitanda Viwili

Wete, Jumapili, onyesho la wanawake.
Mlangoni asumini na jasho,
mabuibui yametundikwa migongoni mwa viti
kama popo mchana,
nami miaka tisa, nimepakatwa kwa nguvu
nisije nikalipiwa tikiti.

Kwenye shuka jeupe, Marekani.
Nyumba ina friji refu kuliko mlango wetu.
Bwana kavaa pajama, vifungo hadi kooni,
bibi kajifunga gauni la kulalia
utadhani anakwenda sokoni.
Wakaagana usiku mwema.
Kisha huyu kitanda chake, na huyu kitanda chake,
katikati kijimeza na taa,
kimesimama kama askari wa forodha.

Ukumbi ukanyamaza.
Bi Zuwena Makame, somo wa mabiharusi
kutoka Limbani mpaka Mtambwe,
akauliza kwa sauti, hata shingo hakugeuza:
"Na yule mtoto wao, wamemwokota wapi?"

Kilichofuata si kicheko, ni tufani.
Mmoja akasema bwana anakoroma.
Mwingine: labda kamwacha, yumo edani.
Bi Time peke yake hakucheka.
Alisema kwa huruma ya kweli,
"Masikini. Utajiri wote ule, na hawajafundwa."

Miaka mingi ilipita ndipo nikasoma,
nikiwa karani kwa wakaguzi wa filamu, Unguja,
kwamba huko kwao walikuwepo watu wa daftari
wenye kulipimia busu muda wake,
waliokichukia kitanda kimoja,
wakakiogopa kitovu,
hata mwanamke mwenye mimba
wakaona haya kumtaja kwenye televisheni.
Sisi neno letu limezaliwa na ushungi:
mja mzito. Mtu anakuja, ana mzigo. Basi.

Kumbe filamu ilifika kwetu imeshatahiriwa,
nasi tukaishika tukaikata tena.

Maana juu, kwenye kijidirisha cha mashine,
alikaa Kombo Shaame
na kifuniko cha boksi la biskuti.
Nyuso mbili zikikaribiana, Kombo anafunika.
Funika kombe, mwanaharamu apite!
Tulimpigia kelele: Kombo, funua kombe!
Wapi. Tulibaki gizani na vinanda,
vinanda, vinanda, kisha mlango unafungwa,
na mama kaniziba macho
juu ya giza lile lile,
asije mtu akamsema.

Lakini hafuniki asiyejua.
Ili mkono uwahi, jicho litangulie.
Nimelifikiria hili nikiwa mtu mzima, nikacheka peke yangu
ofisini: busu halikupotea.
Lilikwenda likatua kwenye kadibodi,
dogo, la ukungu, ukubwa wa ukucha,
la Kombo peke yake,
mara mbili tatu kila Jumapili.
Mtu wa swala tano. Hakuwahi kusema kitu.

Nami nimeandika, kwa wino mwekundu na hati nzuri:
*dakika ya arobaini na moja, ikatwe.*
Nimeandika hivyo mara ngapi, sikuhesabu.
Jioni nikirudi nyumbani, kwa mume, kitanda kimoja,
samadari ya bibi yangu yenye vioo,
na yale niliyofundwa na Bi Zuwena siku saba,
mlango umekomewa, ngoma inapigwa kwa vidole.
Siyaandiki hapa.
Wala sikuyaficha kwa mkasi.
Stara na mkasi si kitu kimoja;
tofauti yake naijua mwilini,
mdomoni inanikwama.

Mwaka jana nilikwenda Wete kutoa mkono wa pole.
Mjane wake, Bi Raya, alikuwa uani na buli la kahawa,
anapepea mkaa.
Nikakitambua kile kifuniko:
pembe zimeliwa, picha ya biskuti imefutika,
katikati doa la hudhurungi
palipopigwa na mwanga miaka yote ile.
"Alikataza nisikitupe," akasema,
"sijui alikipendea nini."
Akapepea. Mkaa ukashika.